Po, Ko, Mo

Bi Havijawa anasema kigingi kilikuwa hapa,
penye mzizi wa mlonge ulioungua.
Bwana Mushobozi anasema pale,
hatua moja na nusu ndani ya ukuta wake
ambao bado haujapigwa lipu.
Wamenileta Madale Jumamosi asubuhi,
mimi na kifaa changu cha miguu mitatu,
niseme mahali ni wapi.

Nasubiri setilaiti. Saba, tisa, kumi na moja,
zinapita juu ya Wazo bila salamu,
kioo kinatema tarakimu ndefu kama namba za vocha.
Nakunjua ramani ya zamani, ya karatasi:
inakiweka kigingi hichohicho
mita mia tatu kando, katikati ya barabara.
Haikukosea.
Ilianza kuhesabu kutoka kwingine tu.

Pazi, mjukuu wa Bi Havijawa, kidato cha tatu,
kashika ncha ya futikamba, anauliza:
"Lakini ardhi yenyewe si inatembea?"
Inatembea. Upana wa dole gumba kwa mwaka.
"Na dunia inalizunguka jua?"
Inalizunguka.
"Na jua?"
Nalo lina safari yake, limetubeba sote,
na kundi letu la nyota linaachana na makundi ya mbali,
si kwa mbio, ila kwa nafasi kuzaliwa katikati yao.
"Basi tangu waanze kugombana
kigingi kimeshafika wapi?"
Mushobozi anacheka. Mimi sicheki.

Nilihamia jiji hili Kimara ikiwa bado na mwisho.
Kituo kiliitwa Kimara Mwisho, na kweli ulikuwa mwisho:
baada yake mikorosho, giza, mbwa.
Siku hizi unaupita Mwisho na nyumba haziishi.
Mbezi nayo ikajipatia Mwisho wake,
nao ukapitwa.
Na mjini ni wapi? Wa Madale huenda mjini Tegeta,
wa Tegeta huenda mjini Mwenge, wa Mwenge, Kariakoo,
na wa Kariakoo hukwambia mjini ni Posta.
Nimefika Posta saa tano usiku.
Nimemkuta mlinzi na paka.

Wanasema upo ujoto wa kale, umesambaa angani kote,
masalia ya siku ya kwanza.
Ukijilinganisha nao utajua unakwenda kasi gani.
Uko wapi, hautakwambia.
Na ukiuliza mwanzo ulitokea wapi,
ulitokea hapa, penye mlonge huu,
na Tandahimba, na kila penye mtu wa kusema "hapa".

Mwalimu Kilongozi alituchapa kwa kuzichanganya:
po ni pale unapoweza kuweka kidole,
ko ni huko, hukohuko tu,
mo ni ndani.
Miaka ishirini na sita nalipwa kwa po.
Nagonga mhuri wa po, nachukua posho ya po.
Leo mtoto kanishikia futikamba
na po imenidondoka mkononi.
Kigingi kipo? Kiko?
Kimo.
Kimo pamoja na ukuta, na kutu, na ugomvi,
ndani ya kitu kisicho na nje.

Tukapima, basi, kwa vilivyopo:
kutoka nguzo ya transfoma, kutoka kona ya msikiti,
kutoka kisima cha Mushobozi. Tukachimba.
Chuma kilikuwa kimelala upande, namba inasomeka nusu,
si kwenye hapa ya Bi Havijawa
wala kwenye pale ya Mushobozi.
Wote wawili walinyamaza kwa hasira ileile.

"Na kiwanja nacho kinatanuka?" Pazi akanong'ona.
Hapana. Vilivyoshikana havitanuki.
Hutanuka patupu.

Simu ikaita. Mke wangu: "Uko wapi?"
Jijini hapa swali hilo hujibiwa kwa uongo,
mtu kafika Mwenge naye ndiyo kwanza anafunga viatu.
Nikatazama tarakimu. Nikatazama kutu.
"Nimo," nikasema.

Kimya.

"Umo ndani ya nyumba ya nani?"